Namna ya kupiga na kutuma picha za bustani ya mboga ili wakulima wenzako wakusaidie

Jani la nyanya lililogeuka njano laweza kuwa limekosa naitrojeni, limenyonywa na utitiri, limeshikwa na mnyauko, au mizizi yake imelowa maji wiki nzima. Ukipiga picha moja tu kutoka juu, yote manne yanafanana. Ndiyo maana mtu hutuma picha kwenye kundi la WhatsApp, akaandika "wataalamu, hii ni nini?", na kabla ya jioni ana majina ya dawa sita. Waliojibu wanakisia, kwa sababu hawakupewa cha kuangalia. Mkulima mzoefu akija bustanini kwako hatatazama jani kutoka juu na kuondoka. Atalipindua, atafukua kidogo shinani, atauliza umemwagilia lini. Picha zako zifanye kazi hiyo ya mikono yake.

Anza na lenzi. Simu inayokaa mfukoni ina mafuta ya vidole juu ya lenzi, na picha hutoka na ukungu ambao mtu anaweza kuudhania ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe juu ya majani. Futa kwa kitambaa laini cha pamba. Zima flashi, zima vichujio vya kupendezesha sura, na zima ile hali ya kamera inayokoleza rangi za mimea. Kijani kilichokolezwa na simu huficha umanjano unaoanza kati ya vena za jani, na huo ndio dalili yenyewe.

Mwanga mzuri kwetu ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Mchana jua likiwa utosini, jani la sukuma wiki linang'aa kama sahani na madoa yanapotea. Asubuhi ina faida nyingine: unyevu wa usiku huwa bado upo, na kama nyanya ina bakajani chelewa, utando mweupe wa ukungu huonekana chini ya jani, pembezoni mwa doa. Saa sita utando huo mara nyingi umeshakauka.

Ikibidi kupiga mchana, kinga jua kwa shuka jeupe. Mwavuli mwekundu au kanga ya rangi kali haifai, maana rangi yake inashuka juu ya jani na mtu atakuambia mmea umekosa fosforasi. Vivyo hivyo chini ya neti ya kijani: chuma jani moja, toka nalo nje, lipige kivulini juu ya karatasi nyeupe.

Kosa linaloharibu picha nyingi kuliko yote ni kusogea mno. Kamera za simu nyingi hazioni vizuri chini ya sentimita 10 hivi. Rudi nyuma hadi sentimita 25, gusa kioo pale penye doa ili kamera ilenge hapo, shikilia pumzi, piga, kisha kata picha ibaki sehemu unayoitaka. Upepo ukivuma, weka kiganja nyuma ya jani. Daima weka kitu cha kupimia kando ya mdudu au doa: rula ni bora, njiti ya kiberiti inatosha. Kiwavi wa milimita 5 na wa sentimita 3 wakijaza picha sawasawa, hakuna atakayejua tofauti.

Picha za kupiga kwa kila tatizo

Piga tano, kwa mpangilio huu. Ya kwanza ni tuta zima, ukiwa umesimama hatua tatu nyuma, ili ionekane kama mimea yote imeathirika au ile ya pembeni tu. Ugonjwa mara nyingi huanza kwa mabaka mabaka. Tatizo la mbolea au maji mara nyingi hugusa tuta lote kwa pamoja. Ya pili ni mmea mmoja kuanzia ardhini hadi nchani. Hapa inajulikana kama umanjano umeanzia majani ya zamani, ya chini, kama naitrojeni inapopungua, au machanga ya juu, kama chuma kinapokosekana. Ya tatu ni jani upande wa juu. Ya nne ni jani hilohilo upande wa chini, na hii ndiyo watu huisahau, ilhali vidukari, inzi weupe, mayai na utitiri wote hukaa huko. Ya tano ni jani zima lisilo na tatizo kutoka mmea wa jirani, liwe la kulinganishia.

Baada ya hapo, kila tatizo lina picha yake ya ziada.

Kantangaze, nondo ambaye kiwavi wake hula nyanya, aliyeingia Kenya na Tanzania mwaka 2014, huacha mabaka mapana yanayopitisha mwanga kwenye jani la nyanya. Lishike jani lielekee angani, jua likiwa nyuma yake, upige kutoka upande wako. Ndani ya baka utaona kinyesi cheusi na mara nyingi kiwavi mwenyewe, kama kivuli kidogo kinachojisogeza katikati ya ngozi mbili za jani. Mchirizi mwembamba unaojipinda kama njia ya konokono ni wa mdudu mwingine, inzi mchimba majani, na madhara yake kwa kawaida ni madogo zaidi. Picha ya kawaida haitofautishi hao wawili vizuri. Picha ya kupitisha mwanga inamaliza ubishi.

Utitiri ni mdogo mno kwa simu. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara tatu, subiri kidogo. Vumbi likianza kutembea, hao ni utitiri. Piga video ya sekunde 10, kwani kwenye picha tuli watabaki kuwa vumbi.

Mmea unaonyauka unahitaji picha za saa mbili tofauti: saa nane mchana na saa moja asubuhi inayofuata. Ukiinuka usiku kucha, huenda ni kiu tu au ni mwanzo wa mnyauko. Ukibaki umelala asubuhi huku udongo una maji, chomoa mmoja ufanye jaribio la glasi. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa sentimita 5 hadi 10, kwa kisu kisafi. Tumbukiza ncha yake kwenye glasi ya maji safi, ukikifunga kwa uzi kwenye njiti iliyolazwa mdomoni mwa glasi ili kisiguse kitako. Nyuma yake simamisha kitambaa cheusi. Usitikise. Ndani ya dakika 5 hivi, kama ni mnyauko bakteria, nyuzi nyeupe kama maziwa zitateremka kutoka kwenye mkato, taratibu, zikinyooka kuelekea chini. Inama simu iwe usawa wa maji, upige kwa ubavu. Zisipotokea, pasua shina kwa urefu upige ndani: mistari ya kahawia inaelekeza kwenye mnyauko wa fangasi. Osha kisu kwa dawa ya klorini kabla ya kugusa mmea mwingine. Mnyauko bakteria hauna dawa ya kunyunyizia, kwa hiyo ukithibitika, mmea na udongo unaoshikana na mizizi vitoke bustanini, visiende kwenye mboji.

Mizizi isivutwe kwa nguvu, kwani vinyweleo hukatika na vinundu vinabaki ardhini. Chimba kuzunguka, loweka bonge la udongo kwenye ndoo mpaka liachie lenyewe, tandaza mizizi juu ya kiroba cheupe. Kwenye kunde na maharage toa maelezo zaidi: vinundu vya bakteria wema hubanduka kwa ukucha na ndani vina rangi ya waridi, wakati uvimbe wa minyoo fundo ni mzizi wenyewe ulionenepa na haubanduki. Bandua kimoja, kikate, upige vyote viwili pamoja. Wengi wameng'oa kunde nzuri wakidhani zinaumwa.

Tunda la nyanya lenye doa jeusi kitakoni lipigwe likiwa zima, kisha likiwa limekatwa katikati. Kuoza kitako hutokana na kalsiamu kutofika kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu ya kumwagilia leo ndoo tatu na kukaa siku nne bila tone, na dawa ya ukungu haitalisaidia. Kwa hiyo picha ya udongo shinani, ukiwa umefukuliwa kwa kina cha kidole, ina thamani kuliko picha kumi za tunda.

Maneno ya kuambatanisha

Picha bila maelezo inarudisha maswali yaleyale, na siku mbili zinapotea. Andika ujumbe mmoja mfupi namna hii:

"Nyanya Tengeru 97, kwenye viroba vya lita 20, mimea 14. Siku 38 tangu kuhamisha miche. Mimea 3 imenyauka, yote upande wa ukutani. Ilianza Jumamosi. Namwagilia lita 2 kwa kiroba kila jioni. Samadi ya kuku wakati wa kupanda, hakuna mbolea ya chumvichumvi. Sijapiga dawa. Mvua tangu wiki iliyopita. Wilaya ya Arumeru. Picha 2 hadi 4 ni za mmea mmoja."

Idadi ya iliyoathirika kati ya yote ndiyo namba ya kwanza ambayo mtu makini ataitafuta. Kama ulishapiga dawa, piga picha ya lebo pande zote, kiambato amilifu (kemikali yenyewe inayofanya kazi) kisomeke, na useme ulichanganya mililita ngapi kwa lita ngapi. Jina la dukani peke yake halitoshi, kwa kuwa dawa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na kiambato kilekile.

Kutuma

WhatsApp hubana picha. Iliyotoka kwenye kamera ikiwa na MB 4 hufika ikiwa na kilobaiti mia chache, na vidukari vinageuka uji. Picha ya tuta na ya mmea zitume kawaida, zinatosha na haziwamalizii wenzako bando. Picha ya karibu, ile ya chini ya jani, itume kwa ubora wa HD, au kama hati, ambayo haibanwi kabisa. Usitume picha ya skrini ya picha, wala usisambaze ile iliyokwishapita makundi matatu.

Kuna la kuangalia kwenye njia ya hati: faili linasafiri na taarifa zake zote, pamoja na mahali lilipopigwa ikiwa simu yako inahifadhi eneo. Fungua mipangilio ya kamera, zima kuhifadhi mahali kabla hujaanza kupiga. Tazama pia nyuma ya mmea: watoto, namba ya gari, geti na namba ya nyumba vitoke kwenye fremu. Kutaja wilaya kunatosha kwa ushauri wa hali ya hewa.

Ukishauriwa dawa, muulize aliyekushauri ameona nini kwenye picha ipi. Jibu kama "picha ya 4, kuna utando chini ya jani" lina uzito kuliko jina la dawa lililotupwa bila sababu. Kwa mboga za majani uliza na siku za kusubiri kabla ya kuchuma, kisha uhakikishe kwenye lebo, kwa sababu mchicha unaliwa ndani ya wiki tatu au nne tangu kusiwa na hauna muda wa kungoja.

Kwa picha za maendeleo, chomeka kijiti mahali pa kusimama na upige kila Jumapili saa ileile, simu ikiwa usawa wa kifua. Weka kibao chenye tarehe ya kupanda kwenye kona ya picha, maana tarehe ya simu hupotea picha ikishasambazwa. Na mmea uliouombea ushauri uupige tena baada ya siku 5 hadi 7, kutoka pembe ileile, uutume kwenye mazungumzo yaleyale chini ya picha ya kwanza, hata kama umekufa. Andika ulichofanya na siku uliyokifanya.