Kutafuta takwimu za michezo kwa mchambuzi wa kujifurahisha, kuanzia Kirumba

Mtu aliyeketi kwenye jukwaa la Kirumba jijini Mwanza, akasikia mashabiki wakibishana iwapo timu za Kanda ya Ziwa zinanufaika kweli na uwanja wa nyumbani, tayari ana swali la kuchambua hata kabla hajawasha kompyuta. Aanze na swali hilo, kwa kuwa ndilo litakaloamua takwimu zipi zitafutwe. Ubishi huo unahitaji tarehe, majina ya timu, mabao na uwanja, basi. Ilhali anayetaka kujua ni mshambuliaji gani anayepoteza nafasi nyingi atahitaji rekodi ya kila shuti, na rekodi hiyo kwa ligi yetu si rahisi kuipata bure.

Matokeo na msimamo wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara hutolewa na Bodi ya Ligi. Kwa miaka ya nyuma, pa kwenda ni RSSSF, hifadhi ya takwimu za soka iliyoanzishwa mwaka 1994 na kuendeshwa na watu wanaojitolea. Kurasa zake ni maandishi matupu yaliyopangwa kwa nafasi, hivyo ukizinakili kwenye lahajedwali utalazimika kuzigawanya katika safu wewe mwenyewe. Humo utakuta bingwa wa mwaka 1965 ameandikwa Sunderland, na asiyejua kwamba Simba ilitumia jina hilo hadi mwaka 1971 atadhani ni klabu iliyokufa zamani. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni nzima nikishangaa kwa nini msimamo wangu una timu moja ya ziada, kumbe chanzo kimoja kiliandika Yanga na kingine Young Africans. Tangu siku hiyo ninatengeneza kwanza jedwali dogo la majina, kila timu na tahajia zake zote, ndipo ninapounganisha mafaili.

Kabla ya kuamini faili lolote, hesabu mistari yake. Ligi ya timu 16 zinazocheza nyumbani na ugenini ina mechi 240. Msimu wa 2020/21, uliokuwa na timu 18, unapaswa kuwa na mechi 306, na ule wa 2019/20, wenye timu 20, mechi 380. Kisha jumlisha mabao ya kufunga ya timu zote na mabao ya kufungwa ya timu zote. Jumla hizo mbili zikitofautiana hata kwa bao moja, kuna mstari ulioharibika. Hesabu hizi hazichukui dakika kumi.

Kuna mtego mwingine ambao hesabu hizo haziwezi kuunasa. Geita Gold, ilipokuwa Ligi Kuu, iliwahi kuchezea baadhi ya mechi zake za nyumbani hapa Kirumba, ilhali Geita iko ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Faili litaiandika kuwa mwenyeji, nalo halitakuwa limekosea. Lakini kwa swali letu la awali mwenyeji huyo naye ni mgeni. Kwa hiyo ongeza safu ya uwanja, hata kama itakubidi uijaze kwa mkono kutoka kwenye habari za mechi.

Anayetaka kufanyia mazoezi faili safi apakue la Ligi Kuu ya Uingereza kutoka football-data.co.uk, ambako misimu inaanzia 1993/94 na faili la msimu mmoja ni dogo kiasi cha kutomaliza bando. Safu ya FTHG ni mabao ya mwenyeji mwisho wa mchezo, FTAG ni ya mgeni, na HS ni mashuti ya mwenyeji. Tarehe huanza na siku. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani itageuza tarehe 5 Machi kuwa 3 Mei bila kukuonya.

Kwa matukio ya ndani ya mchezo, kampuni ya takwimu za soka ya StatsBomb imeweka kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikishana mafaili, data za bure za baadhi ya mashindano, likiwemo Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023, lililochezwa mwanzoni mwa 2024. Tafuta mechi ya Tanzania na Zambia iliyopigwa San-Pédro ikaisha 1-1, kisha nenda dakika ya 11 ulione bao la Simon Msuva: kila shuti lina nafasi yake uwanjani, kwa kipimo cha 120 kwa 80, pamoja na makadirio ya uwezekano wa kuwa bao. Chagua mechi uliyoitazama kwa macho yako, maana hapo utajua mara moja kama umesoma data vibaya. Ukichapisha mchoro, taja kwamba data ni zao.

Kona na mashuti ya mechi za hapa, ukikosa pa kuyapata, yahesabu mwenyewe. Nendeni wawili, kila mmoja na timu yake, na daftari lenye safu tatu: dakika, tukio, upande wa uwanja. Kubalianeni kabla ya kipenga kama shuti lililozuiwa na beki linahesabiwa, kwa sababu ubishi wa jambo hilo ukianza dakika ya 30 mtakosa kona mbili. Ingizeni data usiku uleule, na daftari lihifadhiwe hata baada ya hapo.