Umeshindwa Mahakama Kuu Mwanza: namna ya kufika Mahakama ya Rufani

Tuseme mlikuwa mkidaiana fedha za sangara, kesi ikaanzia Mahakama Kuu, Masjala Ndogo ya Mwanza, na hukumu ikasomwa Machi 3. Siku ya hukumu haihesabiwi, kwa hiyo siku yako ya 30 ni Aprili 2. Kabla haijapita, vitu viwili viwe vimemfikia Msajili. Cha pili ndicho wengi hukichukulia poa.

Cha kwanza ni notisi ya rufani. Eleza kama unapinga hukumu yote au sehemu, kisha mpinzani wako apate nakala ndani ya siku 14 tangu uiwasilishe.

Cha pili ni barua ya kuomba nakala za mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya yaliyoendelea mahakamani), hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu). Rufani inatakiwa kufunguliwa ndani ya siku 60 tangu notisi, na mwenendo wa kesi ndefu si rahisi kuwa tayari kwa muda huo. Barua ndiyo inayokuokoa, maana kwa barua hiyo Msajili hukupa cheti kinachoondoa kwenye hesabu siku zilizotumika kuandaa nakala. Ila ukiipeleka baada ya siku 30, au mpinzani asipopewa nakala yake, kinga hiyo huipati. Nakala unayobaki nayo iwe na muhuri wa mahakama wenye tarehe, pamoja na sahihi ya mpinzani au wakili wake kwamba ameipokea. Siku 90 tangu uombe nakala zikipita kimya, nenda masjala mwenyewe ndani ya siku 14 zinazofuata. Ukikabidhiwa cheti, kisome palepale dirishani: tarehe ya barua yako ni ileile? Tarehe moja ikikosewa, rufani nzima inaweza kuanguka.

Wakati huohuo, notisi haizuii kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Ukipata taarifa ya kukaza, una siku 14 za kuomba zuio, na utatakiwa kuweka dhamana. Usingoje dalali wa mahakama afike kwenye mtumbwi wako.

Sababu za rufani ziandike fupi, kwa namba, bila kubishana. “Jaji hakunitendea haki” haisemi kitu. Andika: “Jaji alikosea kisheria kuegemea mkataba ambao haukupokelewa kuwa kielelezo.” Hoja za maandishi zina nafasi yake, ndani ya siku 60 baada ya kufungua rufani.

Majaji watatu watasikiliza. Mashahidi hawaitwi tena, ila kwa kuwa hii ni rufani ya kwanza, majaji wanaweza kuupima upya ushahidi ulioandikwa. Kama shauri lako lilianzia Mahakama ya Mwanzo, hali ni tofauti: kwanza Mahakama Kuu ithibitishe kwamba ipo hoja ya kisheria, na hiyo hoja tu ndiyo itakayoamuliwa. Nani alimpa nani fedha, na wapi, hayo hayafunguliwi tena.