Oili inayoongezeka yenyewe: kutafuta maji ndani ya injini ya mashine ya kusaga

Mama mmoja mwenye mashine ya kusaga kule Mvumi, Dodoma, alinipigia simu mwezi wa pili. "Fundi, oili imepanda. Sijaongeza hata tone, mbona imevuka alama ya juu?" Nilimwomba asiiwashe wala asishike hendeli ya kuizungushia mpaka nifike. Wateja walikwishapanga foleni na madebe ya uwele na mtama, wengine wametoka mbali, na kuwarudisha kulimuuma. Lakini oili haizai. Ikiongezeka bila mkono wa mtu, kuna kitu kimeingia: maji au dizeli.

Ufundi niliuanzia Tanga, kwenye boti za matanga zenye injini ndogo ya dizeli ya kutumia upepo ukilala. Kule maji ya kupozea hutoka pamoja na moshi, kwa hiyo ukipiga stata muda mrefu na injini haiwaki, maji ya bahari hujaa kwenye ekzosti, yaani bomba la moshi, yakarudi hadi kwenye silinda, na kutoka hapo yakapenya kwenye ringi, pete za pistoni, na kushuka kwenye oili. Dodoma hakuna bahari, injini zetu za kusaga zinapozwa na maji ya pipa, lakini ugonjwa ni ule ule na vipimo ni vile vile.

Anza na kijiti cha oili. Oili yenye dizeli hubaki nyeusi, huwa nyepesi na hunuka dizeli ukiisugua vidoleni. Yenye maji ikishakorogwa na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukikuta utando mweupe chini ya mfuniko tu, na kijiti kikatoka kisafi, hayo mara nyingi ni jasho la injini inayowashwa dakika chache na kuzimwa kabla haijapata moto. Isagishe mzigo saa nzima, kisha uangalie tena.

Maji ambayo hayajakorogwa hayaonekani kwenye kijiti, maana ni mazito kuliko oili na hulala chini. Ndiyo sababu nilimkataza mama kuwasha. Injini ikiwa imelala usiku kucha, legeza nati ya kumwagia oili polepole bila kuitoa, na ukinge chupa ya maji ya kunywa iliyo tupu. Kitakachotangulia kutoka ndicho kilicholala chini. Iache chupa itulie, uone mstari kati ya oili na maji.

Ukibaki na shaka, pasha kijiko kikavu juu ya jiko la mkaa, mbali na mafuta ya kuwasha, kisha dondosha tone moja la oili. Oili safi itatoa moshi kimya. Yenye maji italia kama kitunguu kwenye mafuta ya moto, hata kama maji ni sehemu 1 tu katika 1,000. Vaa miwani, kwa sababu huwa inaruka.

Sasa kuna swali ambalo mafundi wengi wanalikimbia: maji yametoka wapi? Mama alikwishaambiwa na fundi mwingine kwamba ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya silinda na kifuniko chake cha juu, atafute hela. Inawezekana kuwa gasketi. Inawezekana pia kuwa hedi imepasuka, au oringi, pete za mpira za chini ya laina, lile bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimechoka. Kufungua hedi kabla ya kujua ni kumtwisha mtu gharama kwa kubahatisha, na mimi sikubali.

Chora alama ya chaki kwenye pipa, usawa wa maji. Maji yakishuka bila kuvuja nje, yanakwenda mahali. Injini ikiwaka halafu mapovu yakapanda mfululizo ndani ya pipa, moshi unapita kwenye gasketi au kwenye ufa.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha ndoo. Mwaga oili yote na uache tundu wazi. Fungua mlango wa pembeni wa krenki. Toa bomba linalokwenda kwenye pipa, unganisha mpira wa maji, ziba tundu la pili, kisha pandisha ndoo iliyojaa mita 3 juu ya injini, kwenye kenchi au tawi la mti. Kimo hicho kinasukuma maji kwa paundi 4 hivi kwa kila inchi ya mraba, na hiyo inatosha kufichua tundu dogo. Tandika gazeti kavu chini, subiri saa mbili au tatu, kisha mulika kwa tochi. Tone likining'inia chini ya laina, ni oringi. Laina ikiwa kavu, toa nozeli, ile inayopulizia dizeli kwenye silinda, na uzungushe injini kwa mkono, taratibu: maji yakiruka kwenye tundu hilo, yametoka juu, kwenye gasketi au hedi. Usiizungushe kwa nguvu nozeli ikiwa imefungwa, kwani maji hayabanwi na utapinda fimbo ya pistoni.

Pale Mvumi gazeti lilibaki kavu na maji ya pipa hayakushuka kwenye chaki. Nikarudi kwenye chupa yangu. Maji yalikuwa meusi kwa masizi. Nikakausha matone machache kwenye kipande cha bati, na mengine ya pipa pembeni. Ya pipa, ambayo ni ya kisima chenye chumvi, yaliacha duara jeupe. Yale ya kwenye oili yaliacha weusi tu. Hayakuwa ya kisima. Nikatoka nje nikatazama juu: ekzosti imesimama wima juu ya paa, kopo lililokuwa likiifunika limepeperushwa, na usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Maji yalikuwa yameshuka kwenye ekzosti hadi kwenye oili, kama kwenye boti za Tanga.

Hedi haikufunguliwa. Tuliweka oili ya bei nafuu, tukawasha dakika kumi bila mzigo, tukamwaga ikiwa ya moto. Ya pili bado ilikuwa na wingu, ya tatu ikatoka safi, ndipo tukaweka oili nzuri na filta mpya. Yote haya siku ile ile, kwa sababu maji yakilala kwenye beringi huanza kutu mara moja. Juu ya ekzosti tulichomelea kiwiko kinachotazama pembeni. Saa kumi jioni debe la kwanza la uwele likamiminwa kwenye mashine.