Kumwamsha jasusi aliyelala: namna ya kurudisha shujaa wa riwaya ya kijasusi ya kuchekesha

Waandishi wengi waliokuwa wakitoa hadithi za mfululizo magazetini miaka ya themanini na tisini wana jasusi waliyemwacha njia panda. Gazeti lilifungwa, au alikuja mhariri mpya asiyependa utani, na "Itaendelea" ya mwisho haijaendelea mpaka leo. Hivi karibuni nilimsaidia mzee mmoja kumrudisha wa kwake. Sasa jasusi huyo anatoka kila Jumamosi kwenye kundi la WhatsApp, na wasomaji wake wengi walizaliwa baada ya yeye kupotea. Wenzake mzee wananiuliza tulifanyaje, kwa hiyo naandika mara moja kwa wote.

Kwa mifano nitamtumia jasusi huyo wa mzee kwa jina la kubuni, tumwite Sefu. Mwaka 1988 alikuwa na umri wa miaka 35, suti nyeusi juani, sigara mdomoni, majina sita ya bandia, na kila operesheni yake ilifanikiwa kwa sababu ambayo yeye mwenyewe hakuielewa.

Hatua ya 1: Kusanya na usome

Soma zote, kuanzia ya kwanza. Kama nakala zako zililiwa na mchwa, jaribu mkusanyo wa East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ulizia kwanza utaratibu wa kuingia.

Unaposoma, andika kwenye kaunta buku. Najua zipo programu za kupangia riwaya, zenye vichupo vya rangi na ramani za wahusika. Nimeona watu wakimaliza mwezi wakichagua rangi. Kaunta buku haiishiwi chaji. Kila mhusika mpe kurasa mbili: umri, kovu, kinywaji, anamwitaje bosi wake, anadaiwa na nani. Ukurasa wa kushoto uache mtupu, utauhitaji kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2: Jasusi ni wa nani?

Kama uliandika ukiwa mwajiriwa wa gazeti, tafuta mkataba kabla hujaandika hata sentensi moja. Kama shujaa ni wa mwandishi aliyefariki na wewe ni shabiki tu, kumpenda hakukupi haki. Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, haki za mwandishi huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na Kenya ni vivyo hivyo. Ruhusa ichukue kwa maandishi kutoka kwa msimamizi wa mirathi. Mtoto uliyekutana naye msibani akakuambia "endelea tu kaka" hatoshi, maana ana ndugu zake.

Hatua ya 3: Kalenda

Hapa ndipo watu wanapozama, kwa hiyo hapa nitakaa.

Njia za kumrudisha ni tatu. Ya kwanza ni kumgandisha: mwaka 1988 ana 35, mwaka 2025 ana 35, tofauti ni simu mfukoni. Kwenye sinema inawezekana kwa sababu mwigizaji hubadilishwa na watazamaji wakakubali. Kwenye maandishi siipendi hata kidogo. Msomaji mpya atatafuta hadithi za zamani, atazisoma sambamba na mpya, na atakuta mtu mmoja, mwenye goti lilelile zima, anapiga simu ya kibanda wiki hii na anatuma emoji wiki ijayo.

Ya pili ni kumrudisha kwenye enzi yake, uandike leo hadithi inayotokea zamani. Wafaransa walifanya hivyo kwa jasusi wao OSS 117. Jean Bruce alimwanzisha mwaka 1949. Alipokufa kwa ajali ya gari mwaka 1963, mkewe Josette akaendeleza, kisha watoto wao wakaandika hadi 1992. Mwaka 2006 sinema ikamfufua kama kichekesho, ikamweka Cairo ya mwaka 1955. Ilifanikiwa sana, na nitairudia kwenye hatua ya 4. Ila njia hii inadai utafiti: bei, njia za mabasi, nyimbo za redioni, vyote vya wakati ule. Ukikosea, mzee wa Magomeni atakuandikia kabla hujamaliza chai.

Ya tatu, ninayoipendekeza, ni kumzeesha kwa haki. Alizaliwa 1953, basi mwaka 2025 ana 72. Mzigo wote wa kazi uko hapa, na vichekesho vyote pia.

Chora jedwali la safu nne: mwaka, umri wa Sefu, dunia ilibadilika nini, Sefu anajua au hajui. Jaza kwanza safu ya dunia, usianze na Sefu. Mfano wa Dar: 1992 vyama vingi. 1994 uchaguzi wa Afrika Kusini. 1997 Zaire inakuwa Kongo tena. 2008 M-Pesa inaingia Tanzania. 2016 daraja la Kigamboni. 2019 laini za simu zinaanza kusajiliwa kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa zinaanza kufungiwa. 2021 mabasi ya mikoani yanahama Ubungo kwenda Mbezi. 2024 treni ya umeme hadi Dodoma. Kisha pita mstari kwa mstari ukiuliza: hili linamuulia Sefu mbinu gani?

La vidole peke yake lilitupa sura nzima. Jasusi mwenye majina sita alikuwa mfalme enzi za karatasi na mihuri. Leo vidole ni kumi na jina ni moja. Sefu yuko dirishani, anaulizwa jina lake kamili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi analazimika kufikiri.

Sasa tahadhari, na ni nyingi.

Umri unaogombana. Hadithi za gazetini ziliandikwa usiku wa kuamkia siku ya kuchapwa, kwa hiyo lazima utakuta toleo moja linasema Sefu alipigana Kagera (sawa, 1978 alikuwa na 25) na jingine linasema alikuwa chuoni siku ya Uhuru, mwaka 1961, yaani akiwa na miaka minane. Waandishi wa riwaya nzito husogeza miaka kimyakimya. Mwingereza John le Carré alimtoa jasusi wake George Smiley mwaka 1961 akiwa mtu aliyesoma Chuo cha Oxford miaka ya ishirini. Baadaye akamsogezea ujana wake mbele kwa karibu miaka kumi. Hata kwa hesabu hiyo mpya, alipomrudisha mwaka 2017, Smiley alikuwa amegonga miaka mia. Sisi wa kuchekesha tuna dawa nzuri zaidi: aliyedanganya ni Sefu. Hadithi ya chuoni ilikuwa moja ya vitambulisho vyake vya bandia, na sasa hakumbuki ipi ni ya kweli. Kila mgongano uandike kwenye ule ukurasa wa kushoto. Usisahihishe chochote mpaka uwe umeona yote, kwa sababu migongano miwili ikiwekwa pamoja mara nyingi inazaa kisa.

Kustaafu. Mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Sefu alipaswa kutoka mwaka 2013. Je, alitoka? Kwa jina lipi? Mtu ambaye kwenye makaratasi alikuwa bwana shamba wa wilaya, pensheni yake inalipwa kama bwana shamba, na siku ya uhakiki wa wastaafu ataulizwa nafasi kati ya shimo na shimo la mahindi. Jibu hili uwe nalo hata kama hulitumii, maana msomaji mstaafu ataliuliza.

Umri wa wengine. Kila mtu anasahau hili. Bosi aliyekuwa na 55 mwaka 1988, mwaka 2025 ana 92. Usiwafufue wote, mmoja au wawili wanatosha. Aliyekuwa mpenzi wa Sefu sasa ni bibi mwenye biashara zake, na nakushauri umfanye yeye ndiye mwenye akili.

Adui naye amestaafu. Sehemu kubwa ya ujasusi wa riwaya zetu ilisimama juu ya vita dhidi ya Makaburu, tangu Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, na haikuwa ajabu: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Yote yaliisha 1994. Wakala wa Kaburu aliyemfunga Sefu kwenye kiti leo ni mwekezaji mwenye hoteli ya kitalii, na wanakutana kwenye foleni ya kliniki ya presha. Ila usimfanye huyo kuwa adui wa hadithi mpya. Adui mpya awe wa leo.

Pesa na vitu. Noti ya shilingi mia aliyomwachia mhudumu kwa madaha, leo shilingi mia ni sarafu na haifiki popote. Sigara ndani ya basi? Pitia kila kitu alichokuwa anakishika.

Mwisho, mwezi. Chagua mwaka na mwezi kamili wa hadithi mpya, kisha angalia hali ya hewa na Ramadhani. Inasogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka: mwaka 1988 ilianza Aprili, 2000 ilianza mwishoni mwa Novemba, 2024 ilianza Machi. Ukiweka kumbukumbu ya Sefu akimfuatilia mtu wakati wa futari huku masika yanamwagika, mwaka 1988 inakubali. Ukiihamishia 2000 inakataa. Mzee wangu alikuwa na sura tatu za namna hiyo na hakuna mhariri aliyewahi kuziuliza.

Hatua ya 4: Kicheko kitoke wapi

Sefu hajui kwamba anachekesha. Hii sijadiliani na mtu. Siku atakapotupa utani akisubiri tucheke, umepata mchekeshaji na umepoteza jasusi.

Yule OSS 117 wa 2006 anafanya kazi kwa sababu ana uhakika kamili na mambo yasiyo kweli. Adhana ya alfajiri Cairo inamkata usingizi, naye anapanda mnarani kumpiga mwadhini. Hajui amefanya nini. Tunaocheka tunamcheka yeye na kiburi cha enzi yake, hatucheki Wamisri. Uzeeshaji unakupa mlango huohuo bila matusi: Sefu ana adabu na uhakika wa 1988, na dunia imekataa kusimama. Ofisini anasema "Ndugu Waziri" na chumba kizima kinaacha kupumua. Hotelini anaegemea kaunta, anaweka sauti ya zamani:

"Habari ya jioni, mrembo. Niite Sefu."

"Shikamoo babu. Umepotezana na wenzako?"

Sefu akageuka nyuma kumtafuta huyo babu.

Basi, unaishia hapo. Usieleze.

Utani wa mzee na simu una ukomo. Ukizidi mara mbili kwa hadithi nzima, umechoka wewe, si yeye. Na mwachie kitu kimoja anachokiweza kuliko vijana wote. Wa kwetu anamtambua mwongo kwa namna anavyokunywa chai. Bila hicho, msomaji atamhurumia, na huruma inaua mikiki.

Upande wa mikiki uache mkavu kabisa. Adui asichekeshe. Risasi ikitoka, mtu aumie.

Hatua ya 5: Alikuwa wapi?

Arthur Conan Doyle alimtupa mpelelezi wake Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, mwaka 1893. Wasomaji wakagoma kumzika, na mwaka 1903 akamrudisha. Tazama alivyofanya hesabu: wasomaji walisubiri miaka kumi, lakini ndani ya hadithi Holmes alipotea mitatu tu, na maiti haikuwahi kuonekana. Maelezo mafupi, kisha kesi mpya papo hapo.

Kwako, sababu iwe ndogo kuliko wasomaji wanavyodhani. Achana na kupoteza kumbukumbu, achana na pacha. Sisi tuliandika kwamba mwaka 1989 Sefu alitumwa Kigoma na kuambiwa asubiri maelekezo. Faili likapotea. Amri haikufutwa, naye ni mtu wa amri, kwa hiyo alisubiri huku akituma ripoti kila wiki kwenye sanduku la posta. Hadithi mpya inaanza siku kijana mmoja ofisini anapofungua sanduku hilo na kukuta, katikati ya marundo ya ripoti kuhusu bei ya migebuka, jina la mtu ambaye kila idara inamtafuta.

Maelezo yote yasizidi ukurasa mmoja. Wenye hamu watauliza, na majibu utayatoa kidogo kidogo.

Hatua ya 6: Andika

Hii unaijua.

Hatua ya 7: Kutoa

Usitangaze mpaka uwe na sehemu kumi zilizokamilika. Tatu za kwanza toa bure, kuanzia ya nne mtu alipie kwa simu kabla ya kuingizwa kwenye kundi. Kila sehemu iwe ya kusomeka ndani ya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo, na ikatike pabaya. Itume kama maandishi ya kawaida; PDF itasambaa bila wewe kabla ya Magharibi.

Hadithi za zamani zitoe pia, siku nyingine ya wiki, kwa mpangilio wake wa awali, juu ukiandika mwaka zilipochapwa. Usizisafishe. Ule umri unaogombana uache ulivyo: wasomaji wakiugundua wenyewe wataanza kubishana kundini Sefu amezaliwa lini hasa, na sehemu inayofuata utakuwa umeshaiandaa.