Jinsi ya kuikagua na kuirekebisha pikipiki iliyotajwa kuwa na hitilafu ya breki

Mwaka 2013 kampuni ya Suzuki iliwataka wamiliki wa pikipiki zake za GSX-R600 na GSX-R750 za miaka ya 2004 hadi 2013, pamoja na GSX-R1000 za 2005 hadi 2013, wazirejeshe kwa mawakala ili zibadilishiwe masta silinda ya breki ya mbele. Nchini Marekani pekee wito huo uligusa pikipiki zaidi ya 210,000. Miaka mingi imepita, lakini pikipiki za aina hiyo bado ziko barabarani, na nyingi zimeshapita kwa wamiliki kadhaa. Barua ya mtengenezaji hutumwa kwa mtu ambaye jina lake limo kwenye kumbukumbu za usajili wa nchi ile, kwa hiyo aliyenunua pikipiki iliyotumika, na hasa aliyeiagiza kutoka nje, anaweza kuiendesha miaka nenda miaka rudi bila kupata taarifa yoyote. Kazi ya kutafuta ni ya mwenye pikipiki mwenyewe.

Inafaa kwanza kuielewa hitilafu yenyewe, kwa sababu anayeielewa hadanganywi gereji. Masta silinda ya breki ya mbele iko kwenye usukani, upande wa kulia, pamoja na kikopo cha mafuta ya breki. Ukibana mkono wa breki, pistoni iliyo ndani husukuma mafuta kupitia mpira wa breki hadi kwenye kalipa, nayo kalipa hubana pedi kwenye diski. Mafuta hayabonyei, na ndiyo maana nguvu ya vidole inafika kwenye gurudumu bila kupungua. Gesi hubonyea. Katika GSX-R zilizotajwa, pistoni ingeweza kuwa haikupakwa sawasawa ule utando wa kuizuia isiliwe na kutu, na mafuta yaliyokaa muda mrefu yakiwa yamenyonya unyevu, pistoni ilianza kulika na kutoa gesi. Tundu la kuyarudisha mafuta kwenye kikopo lilikuwa ubavuni mwa masta silinda badala ya juu, hivyo gesi ilinasa ndani. Matokeo yake ni mkono wa breki unaolainika polepole, na pikipiki inayohitaji umbali mrefu zaidi ili isimame.

Mwaka 2018 Harley-Davidson nayo iliwaita wamiliki wa pikipiki zipatazo 175,000 nchini Marekani, za miaka ya 2008 hadi 2011, zenye breki za ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapofunga breki. Humo mafuta ya breki yaliyokaa bila kubadilishwa yaliweza kuacha mabaki kwenye vali za kifaa cha ABS, na breki ikakosa kushika bila onyo. Kampuni ilikuwa imeshaagiza kwenye kitabu cha matunzo kwamba mafuta yabadilishwe kila miaka miwili. Maoni yangu ni kwamba breki ambayo uhai wa mtu unaitegemea haipaswi kufa ghafla kwa sababu ya ratiba iliyosahaulika, na ni haki kabisa kwamba mtengenezaji alibeba gharama. Hata hivyo visa vyote viwili vinaonyesha kitu kilekile: mafuta ya zamani ndiyo yaliyoilisha hitilafu.

Kabla ya kuanza kutafuta taarifa, kagua breki yako leo hii. Simamisha pikipiki wima juu ya sakafu tambarare, nyoosha usukani, kisha tazama kioo kidogo au alama kwenye kikopo cha mafuta. Mafuta mapya hayana rangi au yana umanjano hafifu. Yakiwa ya kahawia iliyokolea yamekaa kupita kiasi. Kisha bana mkono wa breki kwa nguvu na uushikilie kwa nusu dakika hivi. Ukikaa mahali pamoja na kuwa mgumu, hiyo ni dalili njema. Ukiendelea kuzama taratibu kuelekea kwenye usukani, kuna mahali panapovuja au pistoni haizibi vizuri. Ukiwa laini kama sponji, na ukipata ugumu baada ya kuubana mara kadhaa haraka haraka, kuna hewa au gesi ndani. Rudia zoezi hilo asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, kwa kuwa breki iliyopampiwa njiani inaweza kuonekana nzima wakati si nzima. Ikionyesha dalili mojawapo kati ya hizo, iache nyumbani na uisafirishe kwa gari la mizigo mpaka kwa fundi. Usiseme utatumia breki ya nyuma peke yake: unapofunga breki uzito wa pikipiki huhamia mbele, na kwa sababu hiyo gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuisimamisha.

Pikipiki yenye breki za ngoma mbele na nyuma, kama zilivyo nyingi za bodaboda, haina masta silinda wala mafuta ya breki, na ukaguzi huu hauihusu.

Hatua inayofuata ni namba ya chesisi. Kwa kawaida hugongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, na aghalabu upande wa kulia. Geuza usukani kushoto, futa vumbi na grisi kwa kitambaa, umulike kwa tochi na upige picha. Pikipiki zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani na Ulaya huwa na namba yenye herufi na tarakimu 17, na ndani yake hakuna herufi I, O wala Q, kwa hiyo kinachofanana na O ni sifuri. Namba za pikipiki za Suzuki zilizoundwa Japani huanza na JS1, na za Harley-Davidson zilizoundwa Marekani huanza na 1HD, au 5HD kwa zilizokusudiwa kuuzwa nje. Linganisha herufi moja moja na namba iliyoandikwa kwenye kadi ya pikipiki. Zikitofautiana, au alama za kugonga zikionekana kuchezewa, una shida nyingine ya kisheria ambayo inapaswa kumalizwa na mamlaka ya usajili kabla ya suala la breki.

Kwa pikipiki iliyouzwa mara ya kwanza Marekani, ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani. Huduma hiyo ni bure, na hutaja marekebisho ambayo bado hayajafanywa kwenye pikipiki hiyo hasa. Isipoonyesha kitu, inawezekana pikipiki ilisharekebishwa, au wito wenyewe umepita miaka 15 na kuondolewa kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana inafaa pia kutafuta kwa jina la modeli na mwaka. Uingereza, tovuti ya serikali hutumia namba ya usajili ya pikipiki. Pikipiki zilizouzwa ndani ya Japani zina namba fupi ya fremu yenye kistari katikati, ambayo mtandao wa Marekani hautaitambua. Kwa hizo tumia tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, au matangazo ya Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ya Japani.

Ukishajua kwamba pikipiki yako imetajwa, mwandikie wakala rasmi wa kampuni hiyo. Ninasema uandike, kwa sababu majibu ya simu hayashikiki. Taja namba ya chesisi, namba ya wito ulioiona kwenye tovuti, dalili ulizozipata ulipoikagua, kisha uliza mambo matatu: kama kazi hiyo imewahi kufanywa kwenye pikipiki hiyo, kama kifaa kipo dukani, na ni lini uilete. Nchini Marekani sheria inamtaka mtengenezaji arekebishe bila malipo ikiwa wito ulipotangazwa hazikuwa zimepita miaka 15 tangu pikipiki iuzwe kwa mnunuzi wa kwanza, hata kama wewe ni mmiliki wa nne. Aliyewahi kujilipia ukarabati wa hitilafu hiyohiyo kabla ya wito kutangazwa anaweza kudai kurejeshewa fedha zake, mradi ana risiti. Miaka hiyo huhesabiwa hadi wito unapotangazwa, si hadi leo, ila mwenye GSX-R ya zamani anapaswa kuuliza kwanza bila kuchukulia kwamba kifaa bado kipo.

Afrika Mashariki hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa sheria ya Marekani haimlazimishi wakala wa Nairobi au Dar es Salaam kurekebisha pikipiki ambayo hakuiingiza yeye. Mwandikie hata hivyo, na nakala itume makao makuu ya kampuni. Kwa pikipiki uliyoinunua kwa mfanyabiashara wa ndani, una pa kushika: Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kulindwa afya na usalama wake, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko; nchini Tanzania, malalamiko ya mlaji hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Wakati shauri linaendelea, usingoje haki ukiwa barabarani. Agiza masta silinda mpya halisi kwa namba ya kipuri, ile iliyoboreshwa baada ya wito, na umtafute fundi anayefahamu breki za mafuta.

Ukiwa gereji, baki karibu na kazi. Kufungua masta silinda ya zamani, kuisafisha na kuirudisha si marekebisho ya wito wa Suzuki. Wito ulitaka ibadilishwe. Mafuta yatolewe yote na kuwekwa mapya kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa mbele yako, kwa sababu chupa iliyokaa wazi imeshavuta unyevu wa hewani, na ukanda wetu wa pwani unyevu ni mwingi mwaka mzima. Soma aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 yanapaswa kustahimili joto la nyuzi 230 kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155, na mafuta yakichemka kwenye mteremko mrefu hugeuka mvuke ndani ya mpira. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na DOT 4. Oili ya injini isiguse kabisa mfumo huo, kwani huvimbisha sili za mpira. Mafuta ya breki nayo hula rangi, kwa hiyo tangi lifunikwe. Fundi akimaliza kutoa hewa, fanya tena lile zoezi la nusu dakika kabla ya kulipa, kisha jaribu breki uwanjani kwa mwendo mdogo kabla ya kuingia barabarani.

Dai karatasi yenye tarehe, namba ya chesisi, idadi ya kilomita, kifaa kilichowekwa na namba ya wito. Iweke pamoja na kadi, na siku ukiuza pikipiki mkabidhi mnunuzi.

Breki ikilainika tena baada ya marekebisho, au ikiwa na hitilafu ambayo haijatajwa popote, toa taarifa kwa mamlaka husika na kwa mtengenezaji hata kama hukuanguka. Uchunguzi wa Marekani uliozitangulia Harley-Davidson kuitwa ulifunguliwa mwaka 2016 baada ya malalamiko 43 tu, katika kundi la pikipiki zipatazo 430,000. Katika taarifa yako eleza mwendo uliokuwa nao, kama mvua ilikuwa inanyesha, mkono wa breki ulifika wapi, mafuta yalibadilishwa mara ya mwisho lini, na uambatanishe picha. Kifaa kilichoharibika usikitupe wala usimwachie fundi, kwa sababu wachunguzi wanaweza kuhitaji kukiona.