Majina ya mota yakae kwenye faili moja

Kama timu yenu ya shule inashiriki FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, na mnaandika programu kwa lugha ya Java, anzeni hivi: hifadhi ya FtcRobotController, yaani msimbo wa msingi wa roboti unaotolewa na waandaaji, inakiliwe kwenye akaunti ya timu huko GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, si ya mtu binafsi. Fundi wenu wa programu akimaliza shule, msimbo unabaki. Mnachoandika kikae ndani ya folda ya TeamCode tu. Mkichokonoa kwingine, siku toleo jipya la FtcRobotController likitoka mtajuta wakati wa kuliunganisha na msimbo wenu.

Halafu majina. Roboti hutafuta kila kifaa kwa jina lililo kwenye usanidi wake (orodha ya vifaa vilivyounganishwa), herufi kwa herufi. Sisi tulimaliza alasiri nzima tukikagua nyaya, programu inagoma kuanza. Ujumbe kwenye skrini ulisema kabisa kwamba kifaa hakionekani, nasi tukaelewa waya umekatika! Kumbe mwenzetu kaandika "motaKushoto" na kwenye usanidi ni "mota_kushoto". Tangu hapo majina yote yako kwenye Majina.java, na faili nyingine zinayachukua humo. Kubadilisha ni mstari mmoja.

Mengine mnayajua: git pull (kuvuta msimbo mpya kutoka GitHub) kabla ya kuanza, kila mtu na tawi lake, yaani nakala yake ya kufanyia kazi. Ila laptopu inayopakia msimbo kwenye roboti isifungwe kabla ya kusukuma mabadiliko kwenda GitHub. Yale marekebisho ya haraka haraka pembeni ya uwanja ndiyo hupotea, na mara nyingi ndiyo yaliyofanya roboti itembee.