Somo: Kuivunja 58,955,895 hadi namba tasa

Tangu nilipowapa wanafunzi wangu wa jioni hapa Moshi namba hii, ambayo ni urefu wa Kilimanjaro kwa mita, 5,895, ulioandikwa mara mbili mfululizo, sipiti siku bila kuulizwa vigawo vyake. Naiandika njia yote hapa ili atakayeuliza tena nimwelekeze asome.

Hatua ya 1. Inaishia na 5, basi gawanya kwa 5: 11,791,179.

Hatua ya 2. Jumla ya tarakimu ni 36, basi gawanya kwa 9: 1,310,131.

Hatua ya 3. Hiyo ni 1,310,000 kujumlisha 131, yaani 131 mara 10,001. Namba 131 ni tasa.

Hatua ya 4. Hapa kwenye 10,001 ndipo nilipoumbuka. Niliijaribu kwa namba tasa zote hadi 31, kila mara ikabaki baki, nikachoka, nikaandika ubaoni kwamba ni tasa. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono na kuniambia kwa adabu kwamba 73 mara 137 ni 10,001. Uchovu si uthibitisho. Ni lazima ujaribu hadi kipeuo cha pili cha namba yenyewe, ambacho hapa kinazidi 100 kidogo sana, kwa hiyo namba tasa ya mwisho ya kujaribu ni 97. Tena, ukishapata 73 usishangilie kabla ya kuipima 137 nayo, ingawa kwa hiyo 11 inatosha kuwa kikomo, maana 13 mara 13 ni 169.

Jawabu: 3 × 3 × 5 × 73 × 131 × 137. Vigawo vyote, pamoja na 1 na namba yenyewe, ni 48.

Swali: Mwalimu, jibu ni ngapi?

Jibu: Lipo juu ya swali lako.

Swali: Tarakimu za namba ya mwanzo zinajumlika kuwa 54, na 54 inagawanyika kwa 27. Mbona umeishia kwa 9? Umekosea.

Jibu: Sikukosea. Kanuni ya jumla ya tarakimu inafaa kwa 3 na kwa 9 tu. Gawanya kwa 27 kwa mkono, kisha uniambie baki uliyoipata.

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Sakina, Arusha. Nimejaribu Meru, 4,562, nikapata 45,624,562, na 73 na 137 zimejitokeza tena. Ni bahati?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kujaribu mwenyewe. Si bahati: kuandika namba ya tarakimu nne mara mbili ni kuizidisha kwa 10,001, kwa hiyo wawili hao watakuwepo daima. Kwa tarakimu tatu unazidisha kwa 1,001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Meru yako inabakiza 2 na 2,281, ambayo ni tasa. Na mwaka 1952 Raphael Robinson alitumia kompyuta kuonyesha kwamba 2 ikizidishwa yenyewe hadi kipeo cha 2,281, kisha ukatoa 1, inakuwa namba tasa yenye tarakimu 687. Hiyo usiijaribu kwa mkono.